Chapa Kwenye Mti: Kusoma Vitako vya Bunduki za Zamani Turkana

Kwa Kiturkana, neno emachar hubeba mambo mawili kwa pamoja: ukoo wa mtu, na chapa ambayo ukoo huo huichoma kwenye mifugo yake. Ukimwona ngamia akinywa maji mtoni Turkwel, pale Lodwar, huna haja ya kumuuliza mchungaji mnyama huyu ni wa nani. Mistari iliyochomwa kwenye ngozi imeshajibu. Watu waliolelewa katika desturi hiyo hawahitaji mgeni awafundishe kwamba kitu kinaweza kuvaa jina la mwenyewe mwilini mwake.

Ndiyo maana inaniuma kwamba bunduki, kitu kilichotikisa nchi hii kwa zaidi ya miaka 100, bado tunaihesabu tu bila kuisoma. Kila operesheni ya kuwapokonya wafugaji silaha ikiisha, taarifa huwa ni tarakimu: bunduki kadhaa, risasi kadhaa. Zilitoka wapi? Zilipitia mikononi mwa nani? Mara nyingi majibu yako palepale, upande wa kulia wa kitako, kwenye mti uliopigwa muhuri kabla babu wa mfugaji hajazaliwa. Swali langu ni hili basi: mbao ya bunduki ya kivita ya zamani, yaani kitako na ule mti unaoushika mtutu kwa chini, inaweza kutuambia nini, na tuiamini kiasi gani?

Tuanze na tofauti ya mti na chuma. Chuma huchapwa kiwandani na kwa kawaida hubaki hivyohivyo. Mti ni laini, na kila anayeushika anaweza kuongeza neno lake. Mkaguzi wa kiwanda hupiga muhuri wake, fundi wa jeshi hupiga namba ya kikosi, bohari huweka alama ya matengenezo, askari hukwaruza herufi mbili za jina lake usiku wa zamu, na mfugaji hushona ngozi mbichi palipopasuka. Bunduki mbili zilizotoka kiwanda kimoja mwaka mmoja zikapita njia mbalimbali huwa na chuma kinachofanana na mbao zisizofanana hata kidogo.

Bunduki zilizoingia Turkana kwa wingi hazikutoka pwani. Ni kweli misafara ya Waswahili ilifika huko. Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa Pangani, alikuwemo katika msafara wa wapelelezi Teleki na von Höhnel uliolifikia Ziwa Turkana mwaka 1888, na watu wa misafara hiyo walibeba magobore. Lakini mkondo mkubwa ulishuka kutoka nyanda za juu za kusini-magharibi mwa Ethiopia, kupitia mji wa Maji, ukizifuata pembe za ndovu. Kiturkana humwita ndovu etom, na bunduki atom. Masikio yangu hayawezi kuyasikia maneno hayo mawili bila kuikumbuka biashara ile.

Bunduki yenyewe iliyotawala mwanzoni ilikuwa Gras ya Ufaransa, ya mwaka 1874. Ni ndefu, kama mita 1.3, hupiga risasi nene ya milimita 11 moja baada ya moja, na baruti yake nyeusi huacha wingu la moshi linalomfichua mpigaji. Waethiopia waliyachukua maneno ya Kifaransa "fusil Gras" wakayageuza kuwa wujigra, na jina hilo linakumbukwa hadi leo. Ufaransa ilipopata bunduki mpya ya Lebel mwaka 1886, Gras zilibaki mabohari zikitafuta mnunuzi. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulikuja kubana uingizaji wa silaha katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini Ethiopia ilikuwa dola huru, na njia ya Djibouti haikufungwa. Mshairi Arthur Rimbaud mwenyewe aliacha mashairi akageuka mfanyabiashara, na mwaka 1887 alipeleka shehena ya bunduki kuukuu kwa Mfalme Menelik. Machi 1896, huko Adwa, Menelik aliwashinda Waitalia. Kadiri majeshi yake yalivyopata silaha bora, zile za zamani ziliteremka kuelekea mipakani, kwa wawindaji, wafanyabiashara na machifu, hadi nchi ya Waturkana.

Sasa chukua Gras moja uitazame. Upande wa kulia wa kitako, kama mti haujachakaa sana, utaona muhuri wa duara mkubwa kama sarafu. Ndani yake mna mwaka wa utengenezaji na herufi za wakaguzi waliouthibitisha mti huo. Kwenye chuma, ubavuni, kuna jina la kiwanda: Saint-Étienne, Châtellerault, Tulle, au Steyr ya Austria, ambako Wafaransa waliagiza nyingine. Ukiweza kuusoma muhuri wa mti na jina la chuma, ukaona vinakubaliana, umejua kwamba mwili huu na mbao hii vimeishi pamoja tangu mwanzo. Visipokubaliana, kuna fundi aliyefunga kitako cha bunduki nyingine, na hapo hadithi inakuwa tamu zaidi, maana fundi huyo alikuwa na bunduki mbili zilizovunjika mbele yake. Je, ilikuwa bohari ya serikali au kibanda cha mhunzi? Ukataji wa mti hujibu. Wa bohari hutoshea bila mwanya, na wa kibandani huonyesha kisu.

Waingereza walizikuta bunduki hizi mikononi mwa watu walioongozwa na mashujaa kama Ebei, na vita vya kuwatiisha Waturkana vilichukua miaka mingi hadi ile kampeni kubwa ya Labur mwaka 1918, iliyoondoka na mifugo isiyohesabika. Miaka ya 1920 Waturkana walipokonywa silaha. Majirani zao wa kaskazini, Wamerille tunaowaita pia Wadassanech, hawakupokonywa kwa kiwango hicho kwa kuwa wengi wao walikuwa upande wa Ethiopia. Matokeo ni makaburi. Mturkana ukimweleza leo kwamba serikali inachukua bunduki yake kwa usalama wake, unazungumza na mtu ambaye jambo hilo liliwahi kuahidiwa ukoo wake, na anajua lilivyoishia. Nalisema hili mapema kwa sababu alama za bunduki haziwezi kusomwa vizuri na mtu asiyejua kwa nini mwenye bunduki aliishikilia.

Bunduki ya Mwingereza ilikuwa Lee-Enfield, ile ambayo wazee wengi wa Afrika Mashariki huiita kwa kipimo cha risasi yake, "thrii-o-thrii". Kati ya bunduki zote za zamani, hii ndiyo yenye maandishi mengi zaidi, na ndiyo husomwa vibaya zaidi. Kwenye pete ya chuma inayokishika kitako utakuta taji, na chini yake herufi za mfalme: V.R. ni Malkia Victoria, E.R. ni Edward, G.R. ni George. Chini ya hapo kuna kiwanda, Enfield au BSA ya Birmingham, halafu mwaka na aina. Iliyotoka Lithgow, Australia, husema hivyo, na ile ya Ishapore, India, huwa na G.R.I., yaani George aliye mfalme na mtawala wa himaya. Alama ya mshale mpana, mistari mitatu inayokutana kama unyayo wa kuku, ndiyo hati ya mali ya serikali ya Uingereza. Ukiona mishale miwili imeelekezeana ncha, serikali iliiuza au iliitoa bunduki hiyo rasmi katika mali yake. Tofauti ya mshale mmoja na miwili ndiyo tofauti ya kitu kilichopotea bohari na kitu kilichouzwa kwa halali, na inakaa katika nafasi isiyozidi ukucha wa kidole gumba.

Kwenye mti wenyewe kuna mambo matatu ya kutazama. La kwanza ni kibati cha shaba cha duara kilichosokomezwa upande wa kulia wa kitako. Hicho kilichongwa kikosi, tarehe ya kukabidhiwa na namba ya bunduki kikosini. Katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia kibati kiliachwa ili kuharakisha kazi, kwa hiyo bunduki nyingi za baada ya 1916 hazina, au zina shimo lililozibwa. La pili ni namba iliyopigwa chini ya mti wa mbele, karibu na ncha ya mtutu, ambayo inapaswa kuwa sawa na ya chuma. La tatu ni herufi moja juu ya kitako, karibu na bamba la nyuma: L, S au B. Watu huidhani ni jina la askari. Ni kipimo tu cha urefu: kirefu, kifupi, na kifupi zaidi kwa askari wadogo wa mwili. Ni kosa dogo, lakini mtu anaweza kumtafuta "S" miaka yote asimpate.

Kuna mtego mwingine unaohusu Turkana hasa. Kikosi cha King's African Rifles, kilichoundwa mwaka 1902, kilikuwa na batalioni zilizogawanywa kwa nchi: ya 3 na ya 5 zilikuwa za Kenya, ya 4 ya Uganda, ya 6 ya Tanganyika, ya 1 na ya 2 za Nyasaland. Mtu akikutana na alama ya batalioni ya 4 kwenye bunduki iliyopatikana Turkana, haraka atasema imeibwa Uganda ikavushwa mpaka. Asikimbilie. Magharibi ya Turkana ilikuwa sehemu ya Uganda, katika Mkoa wa Rudolf, hadi mwaka 1926 ilipohamishiwa Kenya. Bunduki hiyo huenda haikuvuka mpaka wowote. Mpaka ndio uliohama ukaiacha pale ilipokuwa. Alama haidanganyi, lakini inasema lugha ya siku ilipopigwa, na msomaji wa leo ana wajibu wa kuirudisha kwenye ramani ya siku hiyo.

Italia ilipoikalia Ethiopia kuanzia 1936, wimbi jingine liliingia: bunduki za Carcano. Waitalia waliwapa Wamerille silaha, na ilipofika mwaka 1940 Uingereza nayo ikalazimika kuwapa silaha Waturkana walewale iliokuwa imewanyang'anya. Carcano huwa na muhuri wa duara kitakoni wenye kiwanda na mwaka, na kwenye mtutu nyingi zina tarakimu za Kirumi kando ya mwaka wa kawaida. XVI, kwa mfano, ni mwaka wa 16 wa utawala wa Mussolini, uliohesabiwa na Wafashisti kuanzia Oktoba 1922. Chuma cha XVI kikiokotwa kaskazini ya Lokitaung kinatosha kueleza kwamba vita vya mifugo vya bonde hilo vilitiwa kuni na dola mbili za Ulaya kwa wakati mmoja, kila moja upande wake.

 

Je, mti unaaminika? Hapa lazima niseme wazi: peke yake, hapana. Kitako hubadilishwa kwa bisibisi moja. Ndiyo sababu Umoja wa Mataifa, katika makubaliano ya kimataifa ya ufuatiliaji wa silaha ya Desemba 2005, ulitaka namba ya utambulisho iwekwe kwenye mwili wa chuma, mahali ambapo pakiharibiwa bunduki haifanyi kazi tena. Mpelelezi anayeandika namba ya kitako na kuacha ya chuma ameandika namba ya nguo. Hilo halina ubishi.

Lakini kuna tofauti kati ya kutafuta mwenye bunduki na kutafuta safari yake. Kwa safari, ushahidi bora ni pale mti na chuma vinapopingana. Fikiria Lee-Enfield ya Birmingham, mti wake wa asili ni mjozi, mzito, wa kahawia iliyoiva. Ukiikuta na mbao nyepesi nyekundu-nyekundu za Australia, au na skrubu nene iliyopitishwa kati ya mti wa mbele kama walivyofanya mafundi wa Ishapore kuuimarisha, basi unajua bunduki hii ililala katika bohari ya himaya upande wa pili wa Bahari ya Hindi kabla ya kufika huku. Hakuna namba itakayokuambia hivyo. Na ukikuta kitako kimechongwa kwa mkono kutoka mti wa nchi kavu, wa jamii ya ile inayochongewa fimbo na ekicholong, kile kigoda ambacho mwanamume wa Kiturkana hukikalia mchana na kukilalia kichwa usiku, basi umefika mwisho wa safari. Mti wa Ulaya ulivunjika hapa, na mtu wa hapa akautengeneza.

Ngozi ni ushahidi unaodharauliwa mno. Katika Pembe yote ya Afrika, shingo ya kitako iliyopasuka hufungwa kwa ngozi mbichi iliyoloweshwa ikashonwa; ikikauka hubana kuliko bati. Mtaalamu wa makumbusho wa Ulaya anaweza kuiona ni uharibifu wa kitu cha thamani. Mimi naiona ni muhuri kama ule wa Saint-Étienne, na pengine ni wa kweli zaidi, kwa sababu wa Saint-Étienne ulipigwa na mtu ambaye maisha yake hayakuitegemea bunduki hiyo.

Halafu kuna mikwaruzo. Hakuna alama inayowavutia watu kama mistari iliyokatwa kitakoni, na hakuna iliyozungukwa na hadithi nyingi za kubuni. Mtu ataiona mistari saba aseme: saba wameuawa. Filamu za Marekani zimetufundisha hivyo. Lakini kwa Waturkana, kama kwa ndugu zao wa Karamoja, mauaji ya adui yalikuwa na mahali pake pa kuandikwa, napo palikuwa mwilini mwa muuaji: makovu yaliyochanjwa begani baada ya taratibu za utakaso. Mwenye bega lenye makovu hana haja ya kukata hesabu kwenye mti. Mistari ya kitakoni inaweza kuwa hesabu ya mbuzi, ya siku, ya zamu, au kidole kilichotafuta pa kushika bila kuteleza. Vivyo hivyo, mchoro unaofanana na chapa ya mifugo haupaswi kuhusishwa na ukoo fulani mpaka mzee anayeijua chapa hiyo aulizwe. Hapo ndipo mchambuzi wa Nairobi, hata awe na vitabu gani, anapaswa kukaa chini na kusikiliza. Wanaojua kusoma chapa za nchi hii wako Turkana, wanachunga.

Bunduki za zamani zilianza kusukumwa pembeni mwaka 1979. Idi Amin alipoanguka Aprili mwaka huo, Wakaramojong waliivunja ghala ya silaha ya jeshi huko Moroto na kubeba walichoweza. Kabla ya hapo, mafundi wa Karamoja walikuwa wakiunda bunduki zao wenyewe kwa mabomba ya chuma, zinazoitwa amatida, na kitako cha amatida kilikuwa mti wa nyumbani mtupu, usio na muhuri wa mtu yeyote. Kisha vikaja vita vya Sudan kuanzia 1983. Utawala wa Mengistu huko Ethiopia uliwapa waasi wa SPLA silaha za Kisovieti hadi ulipoanguka mwaka 1991, na serikali ya Khartoum nayo ikawapa wanamgambo wake. Mwaka 1992 kambi ya Kakuma ilifunguliwa kwa ajili ya watoto na vijana waliotembea kutoka vita hivyo.

Kuhusu Kakuma niruhusiwe kusema jambo moja. Maandishi mengi ya kigeni hurudia kwamba jina hilo ni Kiswahili na maana yake ni "pasipo mahali". Msomaji, wewe unajua Kiswahili. Umewahi kulisikia neno hilo? Halimo. Mtu mmoja alilisoma jina la watu vibaya, wengine wakamnakili, na mji wenye wenyeji, wenye visima na makaburi ya mababu, ukabandikwa maana ya utupu. Hilo ndilo hutokea alama inaposomwa na asiyewauliza waliopo.

Silaha za wimbi lililoletwa na vita vya Sudan zina mbao pia, ingawa si za mjozi. AK ya Kisovieti mara nyingi ina kitako cha mbao za tabaka zilizogandishwa kwa gundi. Mistari yake huonekana kama kurasa za kitabu kilichofungwa. Alama ya kiwanda iko kwenye chuma: mshale ndani ya pembetatu ni Izhevsk, na 66 ndani ya pembetatu ni ile ya China iitwayo Aina ya 56. SKS, bunduki ndefu ya risasi kumi, huwa na namba yake iliyopigwa kwenye mti upande wa kushoto. Kijisanduku kilichokatwa na mstari mmoja wa mshazari ni alama ya bohari ya Kisovieti kwamba bunduki ilifunguliwa, ikasafishwa, ikafungwa upya. Bunduki yenye kijisanduku hicho ilikuwa kuukuu tayari ilipopelekwa Afrika kama msaada wa kindugu.

Sasa serikali za kwetu zinaweka alama zao. Itifaki ya Nairobi, iliyotiwa saini Aprili 2004, iliziagiza nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika kuziwekea alama silaha zao zote, na RECSA, shirika la kikanda lenye makao Nairobi, likasaidia nchi wanachama kupata mashine za kuchonga herufi za nchi, kikosi na namba kwenye chuma. Ni kazi njema. Lakini Turkana ina watu wa kati ambao sheria huwatambua kwa shida: polisi wa akiba, wafugaji waliopewa bunduki za serikali walinde maboma yao. Mwaka 2019 serikali iliwaita warudishe bunduki hizo ili kikosi kikaguliwe na kuundwa upya, na maboma mengi yakabaki wazi.

Ushahidi mzito kuliko wote kuhusu uhusiano wa serikali na silaha za wafugaji haukutoka kwenye vitako, ulitoka kwenye maganda ya risasi. Mwaka 2008 mtafiti James Bevan, akiandikia taasisi ya Small Arms Survey ya Geneva, alilinganisha alama za chini ya maganda ya risasi zilizokuwa mikononi mwa wafugaji wa Turkana Kaskazini na zile za polisi. Alihitimisha kwamba karibu nusu ya risasi zilizozunguka huko kinyume cha sheria zilitoka kwa polisi wa Kenya, nyingi zikiwa za kiwanda cha serikali cha Eldoret. Kusoma herufi chache za shaba kulibadilisha mazungumzo yote. Kabla ya hapo ilikuwa rahisi kusema silaha zote zinatoka Sudan na Somalia. Baada ya hapo ilibidi serikali itazame mkono wake yenyewe. Huo ndio uwezo wa alama ikisomwa kwa subira, na ndiyo sababu nawasihi watu wasiiite kazi hii mchezo wa wakusanyaji.

Maana wakusanyaji wapo. Miaka ya karibuni bunduki kuukuu kutoka mabohari ya Ethiopia, Gras, Vetterli, Martini-Henry na Carcano, zimesafirishwa hadi Marekani na kuuzwa kwa watu wanaopenda vitu vya kale. Huko, sheria ya mwaka 1968 haiihesabu bunduki iliyoundwa mwaka 1898 au kabla kuwa silaha kwa maana ya kawaida. Gras ya 1875 yenye ngozi ya Ethiopia shingoni hutundikwa sebuleni, na mwenyewe hukesha akiusoma muhuri wa mtu wa Saint-Étienne. Kenya, kushika bunduki bila cheti chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, ni kosa, na kwa aina kama AK adhabu inaweza kufika kifungo cha maisha. Kuvuka mpaka ni hatari zaidi: Aprili 2023 mahakama ya kijeshi ya Uganda huko Moroto iliwahukumu wafugaji 32 wa Kiturkana kifungo cha miaka 20 kila mmoja kwa makosa ya silaha. Siwatetei wanaoua. Ninachosema ni kwamba dunia imewapa watu wa mbali furaha ya kuzisoma bunduki hizi, ikawaachia watu wa hapa mzigo wa kuzibeba.

Na sisi wenyewe tunazichoma. Mwaka 2010 zilichomwa bunduki 2,545 katika bustani ya Uhuru. Novemba 2016 zikachomwa 5,250 huko Ngong. Juni 2021, hapohapo Ngong, Rais Uhuru Kenyatta aliwasha moto uliokula 5,144. Kwa siku tatu tu hizo ni karibu bunduki 13,000. Naunga mkono kuchomwa kwake. Bunduki iliyoteketea haitamwua mtoto kisimani, na hakuna muhuri wenye thamani ya mtoto. Lakini tazama namna moto unavyofanya kazi: chuma hujipinda, husawijika, na namba zake mara nyingi hubaki. Kinachotangulia kuondoka kabisa ni mti. Ngozi iliyoshonwa, muhuri wa duara, herufi za askari asiyejulikana, vyote huwa majivu katika dakika chache.

Ombi langu kwa wanaozipokea silaha hizi Lodwar, Kakuma, Lokichoggio na Lokitaung ni dogo, na halihitaji bajeti ya wizara. Kabla bunduki haijapelekwa Ngong, ilazwe juu ya turubai, ipigwe picha kitako upande wa kulia, upande wa kushoto, juu na chini, pamoja na namba ya chuma na jina la mahali ilipopatikana. Jina la aliyeisalimisha lisiandikwe, ili asiogope. Mzee mmoja anayejua chapa aitwe atazame, alipwe kwa siku yake. Picha zipelekwe kwa serikali ya kaunti na kwa makumbusho ya Kitale, zikae mahali ambapo mwanafunzi wa Turkana anaweza kuzifungua. Simu ya kawaida inatosha, na kila bunduki itachukua dakika tano. Ifanywe kabla ya moto ujao kuwashwa.